Miguu Mitatu ya M

Nilianza kufundisha darasa la kwanza mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kijiji cha wakulima wa mpunga upande wa Namawala. Nilikuwa binti wa Ifakara mjini, hasira zangu ziko karibu, na nilijiona najua kila kitu. Hakuna aliyeniambia kwamba mpunga ukishatoa masuke, darasa linabaki madawati. Familia zinahamia shambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, na kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, wanapewa wenye sauti kali na miguu myepesi. Yaani wanafunzi wangu.

Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka saba hivi. Herufi nyingine alizimudu, lakini m ilimtoa jasho. Niliwafundisha waihesabu miguu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, simama. Yeye hasimami. Mkono ukishaanza kupanda na kushuka, unakwenda tu, miguu mitano, sita, mpaka ukingo wa daftari. Nilimgombeza sana, na najuta hadi leo.

Alipokosekana wiki mbili nikapanda baiskeli kumfuata. Baba yake nilimkuta anafunga ngazi ya dungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu."

Hakuzunguka mbuyu. Mtoto yuko shule tangu Januari, akasema, na herufi ya kuandikia mama haijui. Afadhali abaki hapa aamie ndege, na baada ya mavuno amlee mdogo wake.

Nikawaka. Nikamwambia anipe muda hadi mavuno. Mtoto akiiandika herufi hiyo mbele yake na kuitamka, arudi shule.

Akacheka. "Haya. Naona umevalia njuga."

Basi kila Jumamosi nikawa huko. Tuliandika kwa kidole kwenye tope laini la jaruba. "Funga midomo," namwambia, "mmm. Sasa fungua: ma." Kwelea wakishuka tunaacha, tunapiga debe na kupayuka, kisha tunarudi kwenye herufi yetu. Mchana mama yake anatupa wali na perege, nami nakula bila haya. Kusema kweli nilikuwa na raha kule kuliko darasani, na hasira zangu sijui zilikwenda wapi.

Siku ya kwanza ya kuvuna, baba mtu akaja na kipande cha mkaa. Akampa mwanawe na kumwonyesha ubao wa mlango wa dungu.

Akaandika. Nikahesabu: miguu minne.

"Mwalimu," baba akaniuliza, "ndiyo yenyewe?"

Yeye kusoma hakujua, na nilijua hajui. Nikamwona yule mtoto na mdogo wake mgongoni, mwaka huu, mwaka kesho, na mwingine. Nikasema, "Ndiyo baba, ndiyo yenyewe." Kwa mdomo wangu, mimi niliyekuwa nachapa watoto wakiniongopea.

Msichana akanigeukia. Wala hakukasirika. "Mwalimu, umekosea," akasema. "Hii ina miguu minne."

Akaifuta kwa kiganja. Akaandika upya, polepole, akihesabu kwa sauti: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama. Akafunga midomo, mmm, akaifungua: ma.

Mama yake aliacha kupepeta. Baba akautazama ubao kwa muda, halafu akanitazama mimi, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Sijui kama nimewahi kuona aibu na furaha kiasi kile kwa wakati mmoja.

"Mwalimu, wewe umeniongopea," akasema taratibu. "Huyu hakuniongopea. Jumatatu atakuja."