Koti Langu Limekosa Adabu

Jamani, leo nimeomba radhi kwa kosa la koti!

Mnajua niko likizo huku Bombo. Juzi nilipunguza nguo chumbani, nikatoa koti kuukuu la kaki na kofia yake. Mama akavichukua.

Leo asubuhi mzee jirani kaja anamfokea Mama:

"Mwanao tangu awe karani wa Bwana Shauri kule bomani, hata shikamoo hatoi! Nimemngoja aniamkie pale shambani kwako mpaka miguu imeuma!"

Nikatoka mbio, shati nililokuwa nakunja bado mkononi. "Shikamoo babu, niwie radhi! Lile ni sanamu, Mama kalivisha koti langu litishe ngedere!"

Akanitazama juu mpaka chini.

"Marahaba. Lakini lenyewe afadhali. Tangu alfajiri liko shambani kwa mama yake. Wewe unakunja nguo."

Sasa nicheke, au?

Jembe Mama keshaliweka mlangoni.