Ghorofa ya Juu Haina Maji

Presha ya mtu wako ikipanda ghafla, umewahi kujiuliza nani kaipandisha, na kwa nini?

Baba mkubwa aliendesha pampu ya maji chini ya jengo la ghorofa tunamoishi. Wapangaji wa juu wakikosa maji, hakungoja matusi. Aliweka kiganja kwenye bomba, akasikiliza, kisha akaongeza nguvu ya pampu hadi kuta zikaguna. Wa chini walilalamika kwamba koki zinawatemea mate. "Nyinyi mmeshaoga," aliwajibu. "Juu kuna watu wana kiu."

Alianguka hapo hapo penye pampu, kiganja kikiwa bado kwenye bomba.

Hospitalini presha ilikuwa juu mno. Mama mkubwa, mkewe, akafungua mkoba. Kila jioni yeye ndiye aliyemwekea mumewe kidonge cha presha ulimini, na mzee alimtania kwamba analishwa kama kifaranga. Daktari akamzuia. Alisema damu iliyoganda imeziba mshipa kichwani. Shina la ubongo, pale shingo inapoishia, limehisi ubongo unakosa damu, likaamuru mishipa ibane na moyo usukume zaidi. Tukiishusha presha ovyo, hata sehemu iliyosalia itakufa. Alisema hayo huku anaondoka. Damu ilinichemka: neno la uhai na mauti halisemwi kwa kisogo.

Nikamweleza mama mkubwa upya. "Ndiyo kazi yake ileile, mama. Anapandisha maji juu."

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini dada yangu alikufa kwa presha kama hii."

Mkoba hakuufunga. Nilipoaga, baba mkubwa aliniminya vidole kwa mkono wa kulia, kama anayekaza koki.

Nyumbani pampu ilikuwa imezimwa, giza likiingia, majirani wamepanga ndoo ngazini. Hata hivyo nilisikia ukuta wa chumba changu ukiguna. Nikabandika kiganja kwenye bomba. Lilikuwa baridi, kimya. Nilipokiondoa, ukuta ukaguna tena.

Asubuhi nilimkuta muuguzi amekunja uso, anapima mara ya pili. Mama mkubwa aliuliza kama presha imeshuka.

"Imeshuka sana," muuguzi alijibu, akatoka mbio kumwita daktari.

Mama mkubwa akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyeokoa nyumba. Ganda tupu la vidonge lilimeta mapajani pake. Nikaingiza vidole vyangu katika kiganja cha kulia cha baba mkubwa, nikangoja aviminye.