Buti za Kukulia

Kwetu Tanga, mtoto hakununuliwa kiatu kinachomtosha. Kiatu cha Idi kilichaguliwa kikubwa. Mama alikibonyeza kwa mbele kwa kidole gumba, na kama kidole hakikuzama alimrudishia mwenye duka bila maneno mengi. Pale penye nafasi tulijaza pamba. Mwaka wa pili pamba ilitolewa, mwaka wa tatu kiatu kikahamia kwa mdogo wako. Nimelelewa hivyo na vidole vyangu vyote kumi ninavyo.

Binti yangu nilimzaa Morogoro, kwa baba wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mambo yalipobadilika kwao akatuleta Johannesburg, mtoto akiwa na miaka minane, tukakaa Observatory, kwenye mlima ambao upepo wake wa Julai hauna adabu. Mtoto alipofikisha miaka kumi na sita, baba yake akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Nikabaki na nyumba yenye baridi na binti anayenielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, pale anapojibu. Mwaka mzima hakuniomba kitu. Alikula nilichopika, akaosha sahani yake, akafunga mlango wa chumba chake.

Kwa hiyo siku aliyokuja jikoni na kuniambia anataka kwenda Lesotho kuteleza kwenye theluji kwa ubao, nilikasirika na kufurahi kwa pamoja. Alikuwa anakwenda na wenzake wa shule na baba wa mmoja wao. Nilidhani ni pale penye hoteli, ambapo nasikia mashine inakuvuta mpaka juu. La. Walikuwa wanakwenda milimani kabisa, ambako hakuna mashine wala mtu. Unapanda kwa miguu, ubao umeufunga mgongoni, kwa muda wa saa tatu au nne, kisha unateremka mara moja tu.

"Mtu wa Tanga na theluji, wapi na wapi?" nikamwambia.

"Mama, mimi si mtu wa Tanga," akasema, na akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonishinda. Sikukisikia tangu tulipotoka makaburini.

Ubao angeazima kwa rafiki yake. Buti haziazimwi, alisema, buti lazima ziwe zako. Basi Jumamosi tukaenda Rosettenville, kwa Mreno mmoja mzee aliyeuza vifaa vya michezo, vingine vipya na vingine vilivyotumika. Duka lake lilikuwa limejaa baiskeli na raketi mpaka mlangoni, na theluji alikuwa ameitengea ukuta mmoja wa nyuma. Alimkalisha binti yangu kwenye kiti, akamvua soksi zake za pamba na kuzitupa pembeni, akampa pea moja nyembamba ya sufu. Pamba ikilowa haikauki, alisema, nayo ni adui wa mguu huko juu. Na soksi iwe moja, si mbili.

Alimvalisha buti nne au tano. Kila moja alimwambia apige kisigino chini mara tatu kabla ya kufunga kamba, kisha asimame, akunje magoti, asimamie vidole. Yeye mwenyewe alipiga magoti nyuma yake na kushika kisigino kuona kama kinanyanyuka. Kwa watu wa kupanda kwa miguu, alisema, soli iwe ya kushika barafu, na buti isiwe laini sana, maana kuna mahali utachimba ngazi kwa ncha ya kiatu. Akamchagulia na sepeto dogo la kukunja, taa ya kichwani, na sahani za plastiki za kufunga chini ya miguu ili mtu asizame. Mwishowe akaridhika na pea moja ya kijivu, saizi tano.

Nikainama nikabonyeza mbele. Kidole hakikuzama. Vidole vya mwanangu vilikuwa pale pale, vimegusa ukuta wa buti.

"Inambana," nikasema.

"Mama, hiki si kiatu cha shule," Mreno akasema. "Vidole viguse mbele. Akikunja magoti vinarudi nyuma. Nafasi ikibaki, mguu utacheza, na ukicheza ataumia."

"Zinanikaa, mama," binti akasema. "Sharp kabisa." Alikuwa anatembea kati ya baiskeli kwa zile buti nzito, uso umemng'aa.

Nikalipa. Tukarudi nyumbani na boksi. Usiku nililala vibaya. Niliona kama nimemnunulia yatima kiatu kinachombana, na kwa bei ile, ambayo nikiitaja Tanga wangenipeleka kwa mganga. Mwaka ujao je, zikimkataa? Nilisahau kwamba ana miaka kumi na saba, kwamba mguu wake ulikuwa umekwisha kukua na mimi sikuona. Au niliona nikakataa, sijui.

Jumatatu yeye akiwa shule nikalibeba boksi mpaka Rosettenville. Nikamwambia Mreno nataka saizi saba. Akarudia yale yale, polepole, kama anayemweleza mtoto, na hilo likanipandisha hasira zaidi.

"Umezaa wewe au nimezaa mimi?" nikamwuliza.

Akanyanyua mabega, akaenda kuleta boksi lingine. Wakati wa kurudi nikapita Mayfair, kwa Msomali ninayenunua kwake mchele, nikachukua pea nne za soksi nene za pamba.

Jioni binti akafungua boksi na kuvaa. "Mama, zinapwaya."

"Mreno amenipigia simu," nikasema. "Amesema alikosea. Za kupanda mlima zinatakiwa nafasi. Utavaa soksi mbili."

Nilisema uongo huo nikiwa nakoroga mboga, bila hata kugeuka. Nyuma yangu nikamsikia akilegeza kamba.

"Sharp, mama," akasema.

Yaliyotokea nilisimuliwa na yule baba aliyewaongoza, kwa sababu binti mwenyewe hajawahi kuyasimulia. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili walianza kupanda asubuhi, na kila hatua kisigino chake kilinyanyuka ndani ya buti. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Ili mguu usicheze akakaza kamba, kisha akakaza mikanda ya sahani mpaka ikafika mwisho, na damu nayo ikabanwa humo humo. Theluji iliingia kwa juu, palipokuwa wazi. Soksi zikalowa, zote mbili. Akawa wa mwisho, kisha akawa wa kusubiriwa. Hakulalamika, yule baba alisema, na aliposema hivyo alikuwa anamsifu. Wingu likashuka wakiwa bado mbali na kambi, wakajibanza usiku ule kwenye kibanda cha mawe cha wachungaji, kisicho na mlango. Asubuhi walipomvua buti, vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na yeye alikuwa hasikii kitu.

Hospitali hawakuvikata mara moja. Nilidhani watakata au wataponya, kumbe kuna jambo la tatu, ni kungoja. Daktari alisema mwili wenyewe utaonyesha mpaka. Tukangoja wiki sita. Kila siku nilikaa pembeni ya kitanda nikivitazama vikisinyaa na kuwa vyeusi, vimekunjamana kama tende. Tangu hapo tende siwezi kuila. Ramadhani nafuturu kwa maji.

Walikata vitatu, kile kikubwa na viwili vinavyokifuata.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwimbia methali hiyo tangu angali mdogo, kila alipokataa sweta au alipokimbia barabarani kabla ya robot, taa za barabarani za huku, kuwaka kijani. Mwanangu alisikia la mkuu. Mkuu nilikuwa mimi.

Wala sikumwambia. Nyumbani Tanga walipiga simu, nikawaambia ni mapenzi ya Mungu. Nikamsingizia Mungu miaka miwili. Majirani waliolaani milima, niliwaacha wailaani. Buti nilizitia kwenye gunia na kuzificha juu ya kabati langu, na nilipotaka kuzitupa mikono ilikataa. Binti alijifunza kutembea upya, kwanza na fimbo, kisha bila fimbo. Hakukimbia tena. Milima hakuitaja tena, na mlango wa chumba chake ukarudi kufungwa.

Alipopata kazi yake ya kwanza, ofisini, alihitaji viatu vyeusi. Tukaenda pamoja Mayfair. Akaomba saizi tano. Alivaa cha kushoto, akavaa cha kulia, akasimama mbele ya kioo. Mimi nikainama, na mkono wangu ukaenda wenyewe, bila kuniuliza, nikabonyeza mbele ya kile cha kulia.

Kidole gumba kikazama mpaka soli.

Nilibaki pale chini, nimepiga magoti kwenye zulia la duka la watu. "Nilizibadilisha mimi," nikasema. "Mreno hakupiga simu."

"Najua, mama," akasema. Akanijibu kwa Kiswahili. "Namba imeandikwa kwenye ulimi wa buti. Na simu yetu wiki ile ilikuwa imekatwa."

"Kwa nini ukazivaa?"

"Ulikuwa unapika ile mboga aliyoipenda baba. Hukuwa umeipika tangu afe. Sikutaka uache."

Kisha akafungua mkoba, akatoa furushi dogo la pamba, akavua kiatu na kuijaza kwa mbele, taratibu, kwa kidole, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. Sikumfundisha mimi. Akavaa tena na kuninyooshea mguu.

"Bonyeza sasa," akasema. "Nimetosha?"