Upawa Nyuma ya Picha

Mwaka nilioanza kazi ni ule tulioacha kula ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mkate ukarudi madukani, na watu wakaanza tena kuchagua cha kunywea chai. Siku ya kwanza nilifika Mwenge, kwenye duka la picha, Bwana Stoo, mzee aliyetunza picha na ambaye ningemsaidia, akanipa picha ya tembo. Nikasema nzuri. Akaigeuza.

“Dada, mbele anatazama mnunuzi. Wewe utatazama mgongo.”

Shule niliishia darasa la tatu, lakini migongo naijua mpaka leo. Picha zetu zilichorwa kwenye hadibodi, ubao laini upande mmoja, upande wa pili unakwaruza kama gunia. Mchoraji anapaka kwenye ulaini, sie tunafanya kazi kwenye gunia. Ukiona mstari wa kahawia chini, picha ilisimamishwa kwenye sakafu yenye maji. Masizi, ilitundikwa karibu na jiko. Lebo ya hoteli ya Kunduchi, iliyobandikwa kwa uji wa ngano, maana yake ilipelekwa kwa watalii, haikupata mtu, ikarudi.

Kwa kuwa kuandika kulinichosha, kila mchoraji alichagua alama, nami nikaichora nyuma kwa penseli nene ya seremala. Kwanza niliuliza: nani kachora? Selemani wa Temeke alileta ndege wazuri, mbele wana jina lake. Nikamuuliza. Akacheka.

“Hizi za mke wangu, Mwanaidi. Mbele nimeweka jina langu kwa sababu wanunuzi wamelizoea. Nyuma weka ukweli. Kasema umchoree upawa.”

Nikachora upawa. Ndege wote waliofuata wakapata upawa.

Selemani akafariki. Mwanaidi yumo edani, hatoki nje, na kaka wa marehemu huyo kaja dukani kudai picha zote zilizobaki, eti jina la mbele ni la ndugu yake, ni urithi. Bwana Stoo alikuwa keshastaafu. Tulikuwa na Meneja, mtu wa tai, asiyependa kelele mbele ya wateja. Akaninyooshea msasa, akasema alama ni zangu, basi nizifute, watu wachukue mali yao.

Nikamwambia: “Mie sisugui. Sugua wewe, nami nikiulizwa nitasema palikuwa na nini.”

Yule kaka akauliza tangu lini mwanamke asiyejua kusoma akagawa urithi. Nikamjibu kusoma sijui sana, ila upawa naujua, ndio ninaopakulia mchuzi kila siku. Meneja aliushika ule msasa kitambo, kisha akautia kwenye droo. Picha hazikutoka stoo. Eda ilipokwisha Mwanaidi alikuja mwenyewe, akazigeuza moja moja, akazichukua. Picha aliyoleta baada ya hapo aliiandika jina lake mbele, kubwa, kwa rangi nyekundu.

Nyie wajukuu mnaosoma haya, nimestaafu, natembea kifua mbele hapa Kibamba. Juzi kaja muuza picha na ndege mmoja wa zamani, mwenye jina la Selemani mbele. Anasema jina hilo ndilo lenye bei, upawa unamharibia. Anataka niufute mwenyewe, nikiulizwa niseme niliukosea. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, na msasa kaja nao. Nilimkaribisha kiti, nikamtilia chai, nikamwambia:

“Mie sisugui. Sugua wewe, nami nikiulizwa nitasema palikuwa na nini.”