Uzito wa Telesphory

Telesphory alianguka kutoka kwenye mchikichi mwezi wa Machi, asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Mtaani kwake Gungu wote walimjua kwa ukweaji; miti iliyowashinda wengine aliitwa yeye kuangua mikungu. Siku hiyo kamba ya kiunoni ilikatika. Aliangukia mgongo, na hakupoteza fahamu. Aliiona miguu yake imekunjana vibaya, lakini haikumuuma.

Alirudi kutoka hospitali baada ya miezi minne, amekonda kama ufito. Mkewe, Margareta, alimbeba kumwingiza ndani huku analia, maana alibebeka kama mtoto. Akaapa kumrudishia mwili wake. Kila mchana alimpakulia mlima wa ugali wa muhogo, samaki wa migebuka wa kukaanga na sombe, yaani kisamvu, inayoelea mawese. Waliokuja kumpa pole walileta mandazi na soda. Telesphory alikula vyote. Hakuwa na jambo jingine lenye ladha.

Mwaka wa pili kiti chake cha magurudumu kilianza kumbana mapajani. Miguu ilizidi kusinyaa, tumbo likazidi kuning'inia. Kisha kidonda cha kulalia kikamtoka takoni, kikamlaza kifudifudi majuma saba. Yunisi, mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akiwapitia wagonjwa majumbani, alimwambia wazi:

"Kaka, misuli ya miguu ndiyo iliyokuwa inamaliza chakula chako. Sasa imelala. Ukila kama mkweaji, kinachobaki kinageuka mafuta."

"Kwa hiyo na kula ninyimwe?"

Margareta ndiye aliyekasirika zaidi. "Mume wangu ashinde na njaa humu ndani, watu waseme nimemchoka?"

Wakaendelea vilevile, hadi Jumapili moja Margareta alipokuwa anamwinua kitandani waende kanisani. Mguu wake uliteleza. Wakaanguka wote wawili, Telesphory juu, mkono wa mkewe chini yao.

"Toka, Telesphory! Toka, unaniua!"

Telesphory alisukuma sakafu kwa viganja. Mwili haukusogea. Alisukuma tena, akimsikia mkewe anavyohema chini ya kifua chake, mpaka jirani yao Samson alipovunja mlango.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Margareta akaenda kuugulia kwa ndugu zake, mtaa wa Mwanga. Scola, dada yake Telesphory, akaja kupika.

"Nipakulie nusu," Telesphory alimwambia siku ya kwanza. "Mawese kijiko kimoja. Mboga na maharage ndiyo uzidishe."

Soda akaacha. Akainua chupa zilizojazwa mchanga, asubuhi na jioni. Akasukuma kiti mwenyewe hadi sokoni, akirudi mabega yanamuuma. Yunisi alimwonya asijikamue kupita kiasi: "Mabega ndiyo miguu yako sasa. Ukiyaharibu, umekwisha." Njaa ilimtia ukali, siku moja alimrushia Scola sahani, kisha akaomba radhi akiwa ameinamisha uso. Kwa miezi saba alishuka kutoka kilo tisini na nne hadi themanini na moja. Akajifunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kujiburuza juu ya ubao.

Margareta aliporudi, mkono ulikuwa umeunga ukiwa umepinda. Hakuweza tena kusonga ugali. Telesphory akaweka ubao, akajiburuza hadi kitini, akamtazama.

Margareta aliutazama ubao, kisha mkono wake.

"Ungefanya hivyo mwaka jana," alisema, akatoka nje.

Hawakugombana. Scola aliendelea kupika, nao walikula chumba kimoja bila maneno mengi. Telesphory alipojaribu kuomba msamaha, mkewe alimkatisha: "Nami ndiye niliyekulisha." Hilo lilimuuma kuliko lawama.

Masika yalipoingia barabara iligeuka tope, kiti hakikupita. Kilo mbili zikarudi. Telesphory akapunguza ugali tena, akainua chupa zake peke yake, na kila alipohama kitandani Margareta alikwenda kusimama uani, asiuone ubao ule, hadi amalize.