Mpiga Mbizi wa Iguguno

Habari ilinikuta Manyoni, nimekaa juu ya begi langu nikingoja basi lililoharibika litengenezwe. Dada wa rafiki yangu alipiga simu na kusema maneno machache tu: kaka yako ametutoka, tunazika kesho Iguguno baada ya ibada. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Nimefanya kazi za kila namna katika miji mingi, na kila nilipohama niliacha nyuma watu wanaonikumbuka nusunusu. Rafiki huyu alinikumbuka mzima. Alikuwa mpiga mbizi, mtoto wa mkulima wa alizeti, na kwa msimu mmoja tulikula sahani moja huko pwani, yeye akiwashusha wageni chini kutazama matumbawe, mimi nikijaza hewa kwenye mitungi. Wenyeji walimtania: "Huko kwenu Singida mnapiga mbizi kwenye alizeti?" Alijibu bila kuinua macho, "Ndiyo, na hatulowi."

Siku moja alinishusha majini. Nilivaa kiunoni mkanda wenye vipande vya madini ya risasi, ule unaomsaidia mtu kuzama, na mara miguu yangu ikaning'inia chini. Nikawa nakwenda kama mtu apandaye ngazi, natimua mchanga, nahema hovyo. Tulipoibuka nikamwomba anipunguzie vile vipande. "Uzito wako unatosha," alisema. "Umekaa pabaya tu. Punda akiyumba, unamtua gunia au unalisogeza?" Akavitoa vipande viwili kiunoni, akavifunga juu ya mtungi, karibu na mabega. "Shuka tena. Usipige teke hata moja. Tulia, uone ni upande gani unaoanza kuzama." Nikatulia. Hapakuwa na upande uliozama. Nililala ndani ya maji kama mtu aliyelala mkekani, sipandi wala sishuki, na sijawahi kutulia hivyo tena mahali popote.

Jambo lililomla moyo ni baba yake. Kila alipokwenda likizo, mzee alimuuliza ataacha lini kuogelea ili atafute kazi. Hakutaka kusifiwa, alitaka baba yake aelewe walau mara moja jinsi anavyozimaliza siku zake. Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekuwa haba, aliazima vifaa, tukasafiri navyo hadi Singida mjini, tukamleta mzee kando ya Ziwa Singidani. Rafiki yangu alivaa mkanda uleule wa baharini. Alijua maji yale yana chumvi, lakini hakujua kwamba kwa ukame ule chumvi imekolea kuipita ya bahari. Akaingia, akatoa hewa kwenye kizibao chake cha kupigia mbizi ili azame, akabaki anaelea kama kibuyu. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki wakaacha kazi. "Kaka, ziwa limekukataa," mmoja alisema. Mwenzake akaongeza, "Mwongezeni ugali huyo." Alitoka majini bila kumtazama baba yake.

Mzee akasimama. "Kinachokusumbua ni uzito?"

"Ndiyo, baba. Umepungua."

Akainama, akaokota jiwe, akalitupa, akaokota jingine, akiyapima mawili mawili mikononi mpaka alipoyapata yanayolingana. Akayatia kwenye mifuko ya kizibao, moja kila upande, kisha akaivuta mifuko ile juu kidogo, kuelekea kifuani. "Yakikaa chini yatakuvuta makalio," alisema. Safari hii mwanawe alizama. Hatukuona kitu ila mapovu yakienda mbali kwa mstari, na mzee akayafuata ukingoni kwa fimbo yake, hadi yalipogeuka, naye akageuka. Mwanawe alipoibuka, mzee alimwambia, "Kumbe kazi yako ni kupakia mzigo. Ungeniambia mapema." Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Mzee yule alimtangulia mwanawe kaburini. Nilipofika Iguguno jeneza lilikuwa limeshatolewa nje, na msemaji wa familia akisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaenda pwani kwa "shughuli binafsi", akaugua, akarudi. Niliwatazama waombolezaji mmoja mmoja, nikitafuta uso utakaoshtuka kama mimi. Sikuupata. Dada yake alilia kwa uchungu wa kweli, lakini alimlilia kaka, kwani yule mpiga mbizi yeye dada hakuwahi kumwona. Nami nilikuwa mgeni pale, na mgeni hasahihishi wasifu wa watu kaburini.

Mkoa wetu huu wa Singida umewatawanya watu wengi. Wako migodini, melini, kwenye majiko ya hoteli, na wakirudi tunawauliza wameleta nini na wataoa lini. Kazi zao hatuziulizi, nao kwa kutoulizwa huzoea kunyamaza, hadi sehemu kubwa ya maisha yao inazikwa bila mtu kujua kwamba ilikuwepo. Kama unaye wako aliye mbali, usiishie kumuuliza anarudi lini. Muulize leo ameamkia kazi gani, na kazi hiyo hufanywaje, kisha umwache aeleze mpaka amalize. Siku ya kumzika watahitajika walau wawili wanaojua, maana anayejua peke yake hana wa kumwambia.