Nilimwambia Mzee Difu Imewekwa Oili

Admin, jina langu likae kwako tu, kwa sababu wamama wa kikundi chetu wanasoma hii page kila siku. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, niko Kisumu. Hatuishi Milimani, mtaa wa wenye pesa, lakini ukisimama kwa geti yetu unaona mapaa ya Milimani. Shule niliachia darasa la saba, lakini watoto wangu wanne wote wamesoma. Mmoja nitamwita Akoth. Ana miaka ishirini na tatu, ni fundi wa magari, na cheti chake kiko ukutani pale mgeni akikaa lazima akione. Wacha niringe kidogo: mtaa wetu mzima hakuna msichana mwingine anayeingia chini ya pikapu na kutoka akijua inaumwa wapi. Baba yake alikuwa amekubali kumjengea gereji ndogo mbele ya nyumba. Mabati tulikuwa tumeshaleta.

Jumamosi moja Akoth akasema pikapu ya baba yake inalia huko nyuma, anataka kuangalia oili ya difu. Difu ni ile chuma ya mviringo katikati ya magurudumu ya nyuma, ndiyo inayoyazungusha. Najua kwa sababu aliniita nichungulie. "Mama, nati ni mbili. Unafungua ya juu kwanza. Ukimwaga kwa ya chini halafu ya juu ikatae kufunguka, mpya utaweka kupitia wapi?" Ya juu ikafunguka. Akaingiza kidole, kikatoka cheusi tititi. Akaweka beseni, akafungua ya chini, oili yote ikashuka. Nilisimama pale nikifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo wakaingia wamama watatu wa kikundi chetu kutoka Asembo Bay. Hata maji sikuwapa, niliwapeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nikawaambia, "Hiyo miguu mnaona hapo chini ni ya msichana wangu." Wakacheka vizuri. Halafu mwenyekiti wetu akanigeukia, akasema, "Min Akoth, na hiyo mikono ya oili ugali atasonga saa ngapi? Ama bwana yake atakula spana?" Iliniuma. Nilitaka waone pande zote mbili za mtoto wangu. Nikaita, "Akoth, toka huko, nawa, ukimbie sokoni utuletee samaki uwapikie wageni."

Alinivuta kando mpaka jikoni. "Mama, nimemwaga ya zamani, mpya bado. Nimerudisha nati tu vumbi isiingie. Nipe dakika ishirini." Nikamwambia wageni hawapewi dakika. Akasema, "Basi mtu asiguse hiyo gari mpaka nirudi." Nikajibu, "Nimesikia, nyathina, mtoto wangu." Na nilisikia. Sitadanganya hapa kwamba sikusikia.

Akoth alikawia sokoni. Mawingu yakaanza kupanda upande wa ziwa, wageni wakasema waende kabla ya mvua. Mzee wangu naye akashuka kwa bodaboda kutoka matanga. Yeye ni mtu wa usukani tu, ya ndani hajui. Akasema atawapeleka, kisha akauliza, "Gari iko tayari?" Kabla nijibu, mwenyekiti akadakia, "Sidhani, Baba. Msichana alikimbilia sokoni akaacha kazi katikati." Alisema akitabasamu. Mimi nikasema, "Akoth wangu haachi kazi katikati. Oili ya difu imewekwa. Endeni."

Wakaenda. Mtoto akarudi na samaki, akaona beseni peke yake pale chini. "Mama, gari iko wapi?" Tulipiga simu ya mzee, ikalia tu. Akiendesha hashiki simu.

Alipiga mwenyewe baadaye, akiwa karibu na Ndori, njia ya kwenda Asembo Bay. Gari ilianza kulia kama mashine ya posho, halafu magurudumu ya nyuma yakakwama, ikateleza mpaka kwa mtaro. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Fundi wa pale alifungua difu akamwambia, "Mzee, humu hakuna hata tone."

Siku ya pili mzee alimwita Akoth sebuleni, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. "Ulimwambia mama yako umemaliza?" Akoth aliniangalia. Hakuniangalia sana. Akasema, "Ndiyo, baba. Nilisahau." Mzee akasema, "Ningeua wamama wa watu kwa sababu yako. Spana basi." Mabati akampa jirani. Akampigia dada yake wa Port Victoria, anayeuza samaki, aje achukue msichana amfundishe biashara. Nilikuwa nahesabu maua ya kitambaa cha kochi.

Nilimuuliza Akoth jikoni kwa nini alisema vile. Alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. "Mama, akikukasirikia wewe utaenda wapi? Mimi angalau naondoka."

Tangu siku hiyo nafanya kazi zangu zote. Napika, naenda kanisani, naimba na sauti inatoka. Kulia nimejaribu, haiji. Mwenyekiti alinipigia simu kunipa pole kwa ajili ya mtoto, akasema watoto wa siku hizi ni hivyo. Nikamwambia asante.

Shangazi yake anamchukua Jumatatu. Jana Akoth alipanga spana zake kitandani, akazifuta moja moja, akaniuliza, "Mama, hizi niuze ama?" Nikamwambia auze, vile ningemwambia aongeze chumvi. Leo kuna mtu amekuja kuziangalia, wako nje wanaongea bei, na mzee amekaa hapa karibu nami anakunywa chai.

Ndugu zangu mnaosoma, nikimwambia mzee ukweli atajua nilimpa gari kavu nikijua, na wale wamama ndani. Nikinyamaza, mtoto anaenda. Mdomo wangu ndio ulileta hii yote na sasa haufunguki. Mngekuwa mimi, mngefanya nini kabla ya Jumatatu?